Unga wa Reli

Mwaka ule wa themanini na nne, mtu wa Kitui alikuwa anakufa njaa na pesa mkononi, dukani hakuna cha kununua. Kwa hivyo bekari ya Mzee Salim ilipopungukiwa bakuli mbili za unga, aliyeangaliwa wa kwanza ni Kalondu, mwoka mikate, kwa kuwa alikuwa na watoto wanne, Nzomo wa kwanza, na mbavu za kuhesabika.

"Mama Nzomo, unga umeenda wapi?"

"Nimepaka kwa mlango wa tanuri, Mzee."

Salim alimtazama kama aliyeambiwa punda amebatizwa. "Kama umeiba, sema. Kwangu hutarudi, lakini polisi sitaita."

Na alichosema Kalondu kilikuwa kweli tupu. Mlango huo ni bamba la chuma linaloteleza juu ya reli mbili, na oili yoyote pale huungua ikawa gundi. Jana yake fundi Ndolo, mtu wa Mbooni, bahili wa maneno, aliacha agizo akienda: "Kwa moto huu mafuta ni bure. Paka unga, sugua mpaka chuma kiteleze." Mtu akiwa bekari, ajue unga upi? Kalondu alisugua ule wa ngano alfajiri, akimeza mate, hata kidole hakulamba.

Sasa mlango ulikuwa umekwama, na ndani mikate ya wagonjwa wa zahanati ilinuka kuungua.

Ndolo aliitwa, akaung'oa kwa mtaimbo. Mikate ikatoka migongo myeusi, lakini inalika. Kisha akakwangua reli, akapata ganda la kahawia. Akalionja.

"Hii ni chapati," akasema. "Nani amenipikia?"

"Si ulisema unga?"

"Unga wa grafaiti, mama. Mweusi, kama risasi ya penseli iliyosagwa. Moto wa hapa hauuwezi." Alikohoa. "Kopo niliweka rafuni, sikumwonyesha mtu. Kosa ni langu."

Salim alilichukua lile ganda, akaligeuza kiganjani muda mrefu. Hakuomba msamaha, umri wake ulikuwa umeshamsahaulisha namna ya kuuomba.

"Watoto wamekula nini leo?"

"Chai."

"Na wewe?"

Kalondu akaangalia reli.

Salim akamwekea mkate mzima mezani. "Kula. Halafu tukoke moto tena."

Kalondu aliukata vipande vinne, akavifunga kwa leso. Makombo ndiyo aliyokula, amesimama, wanaume amewapa mgongo.