Shikamoo Nilizozitunga

"Maharimu wa marehemu yuko wapi? Ashuke ampokee."

Shekhe Ibrahimu aliuliza hivyo mara mbili ukingoni mwa kaburi. Sisi wanawake tulibaki nyumbani Makorora. Haya nilisimuliwa na jirani yetu Shaib, naye alisimulia akitazama chini.

Maharimu, mwanamume ambaye dini inamruhusu kumshika, alikuwepo. Uweso. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na siku tisa, mama yangu akamchukua, akatunyonyesha mimi naye pamoja mpaka tukaachishwa, na ziwa lile likamfanya mwanawe. Mama hakuwa na kaka wala mtoto mwingine wa kiume, na mume wangu alikwisha kufariki. "Siku yangu ikifika, Uweso ndiye atakayenilaza," alikuwa akisema, tena kwa kujidai.

Uweso akaenda Ulaya. London ikamfundisha kuniita "bravu", yaani kaka, mimi mwanamke mwenye mabinti watatu! Alipohamia Texas nikawa "dyudi". Alipotua Australia nikawa "meti", rafiki kwa Kiingereza cha huko. Kila mtu aliyekutana naye, Uweso alimwita hivyo hivyo. Dada, jina aliloniita tangu utotoni, sikulisikia tena.

Mama aliugua mwaka mzima. Kila ujumbe wa sauti wa Uweso ukiingia kwenye simu yangu, niliusikiliza sikioni, naye akainua kichwa.

"Kanisalimia?"

Hakumsalimia. Alisema "hei, meti", akaeleza mvua ya huko, basi. Ningemwambiaje mama?

"Kasema shikamoo mama, anakubusu mkono."

"Marahaba, mwanangu," aliijibu simu iliyokwisha kunyamaza. Nilizitunga shikamoo zile mwaka mzima, Mungu anisamehe.

Mama alipofariki, Uweso alikuwa Mombasa kwenye harusi ya rafiki yake. Nikampigia. Akavuka mpaka wa Horohoro, akawahi mazishi. Nilimshukuru Mungu, nikasema angalau hili mama kalipata.

Kumbe! Shekhe alipouliza, Shaib alimgusa Uweso bega. Uweso akarudi nyuma hatua mbili, asije akaichafua suruali yake nyeupe.

"Mimi ni rafiki wa familia tu," akasema.

Mama yangu akapokewa na watu baki.

Jioni alisimama mlangoni kwangu, mikono mfukoni.

"Pole sana, meti."

Nilikuwa na maneno, wallahi, ya kumfukuza mpaka Australia. Nikachagua moja tu.

"Asante, rafiki," nikamwambia.

Akatabasamu, akanipigapiga bega. Alidhani yamekwisha.