Mtamba wa Philomena na Nakala Tatu za Vitalis

Vitalis wa Nambis alikuwa mtu wa kujihadhari, na hakuona haya kuwaambia watu hivyo. Ng'ombe wake kumi na mmoja hawakulala boma moja. Kwa desturi ya wazee, wengine walikaa kwa shemeji yake kule Nangwa, wengine kwa rafiki yake kule Yaeda Chini, na mmoja kwa Shangazi Qamara, ng'ambo ya kilima. Mtunzaji hunywa maziwa. Mwenye mali hulala usingizi, kwa maana ugonjwa ukiingia boma moja hauwamalizi wote.

Kazi yake ilikuwa kuwapandisha ng'ombe wa watu kwa mrija wa mbegu, pasipo dume lenyewe kuletwa. Habari za kila ng'ombe aliyemhudumia kwa miaka sita, mama yake ni nani na baba yake ni dume gani, zilikuwa katika daftari ndani ya kompyuta yake. Wateja hakuwaandikia kadi. Alisema kadi huliwa na mbuzi. Badala yake alinakili daftari lote kwenye diski ya nje, kisha kwenye flashi, akavitia vyote vitatu katika mkoba mmoja wa ngozi wenye kufuli.

"Nakala tatu," aliwaambia wanajumuiya, zamu yake ya kufafanua habari za wanawali kumi ilipofika. "Wale watano wapumbavu hawakuwa na hata moja."

Ijumaa asubuhi aliitwa na mjane Philomena, ambaye mtamba wake alikuwa ameanza kutaka dume. Vitalis alitundika mkoba kwenye nguzo ya boma, akageuka kuvaa glavu yake ndefu. Mama wa mtamba akaja kujikuna kwenye nguzo ile. Mkoba ukaanguka. Akaukanyaga kwa miguu ya mbele, akageuka, akainua mkia, akamalizia kwa namna ambayo mwenye adabu haielezi, ila ilikuwa nyingi.

Kioo cha kompyuta kilipasuka kama tope la kiangazi. Diski ilikuwa vipande viwili. Flashi ilipinda kama msumari.

"Shikamoo, mkoba," alisema Philomena.

Vitalis hakucheka. Katika mtungi wake wa baridi ilikuwamo mirija ya madume mawili tu, Jemadari na Baraka, na mmoja wao ndiye aliyemzaa mtamba yule.

"Mama, baba wa mtamba huyu ni nani?"

"Unaniuliza mimi? Siku ile mliingia bomani wewe na mama yake. Mimi nilikuwa nang'oa vitunguu saumu."

"Jemadari, au Baraka?"

"Kwa masikio, amefanana na wewe."

Moyoni Vitalis alikisia Baraka ndiye baba. Lakini akikosea, yeye, mwenye kufafanua Injili, atakuwa amemwoza binti kwa baba yake, na Nambis nzima itapata habari kabla ya misa ya Jumapili. Asipofanya lolote hadi jioni, joto la mtamba litapita, na Philomena alikwisha kutaja dume la jirani, lile linalochechemea.

Akampigia simu mkewe, Hilda.

"Ng'ombe wako wako kwa watu wangapi?" aliuliza Hilda baada ya kumsikiliza.

"Watatu, mbali na sisi."

"Na daftari?"

Vitalis aliutazama mkoba.

"Nenda kwa shangazi. Kila mwisho wa mwezi nampelekea nakala ya akiba kwenye flashi. Nilikwambia Krismasi, ukasema wanawake tuna wasiwasi."

Alipovuka kilima kwa pikipiki, alisikia kwaya ikitoka nyumbani kwa shangazi. Flashi ilikuwa imechomekwa redioni.

"Shikamoo, shangazi. Nimefuata flashi ya Hilda."

"Marahaba. Hiyo hapo, inaimba."

Vitalis alishika mlango. "Shangazi, hiyo ni mali ya kazi. Nani ameitia nyimbo?"

"Ng'ombe wako akikaa kwangu, maziwa ni ya nani?"

"Yako."

"Na hii imekaa kwangu. Glory wa dukani alinitilia kwaya sitini. Ningeikamua vipi tena?"

"Amefuta vilivyokuwamo?"

"Hata ukikamua, ndama huachiwa chuchu moja, Vitalis. Nilimkataza asiguse."

Dukani, Glory aliifungua flashi kwenye kompyuta yake. Chini ya kwaya ya sitini lilikuwapo daftari, zima hadi mwisho wa mwezi uliopita. Mtamba wa Philomena: baba, Jemadari.

Jua lilikuwa bado juu ya mlima Vitalis alipompandisha mtamba kwa mrija wa Baraka. Kisha akamwandikia Philomena kadi, ya kwanza katika miaka sita.

"Mbuzi wakiila?"

"Nakala nyingine inakaa kwa shangazi."

Wiki zilizokosekana daftarini alizifuata nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu alimpandisha nani na kwa dume gani. Nao walijibu kwa furaha kupita kiasi. Kisha akapeleka flashi mpya Nangwa. Shemeji yake aliigeuzageuza kiganjani.

"Hii inatoa nini?"

"Kwaya," alisema Vitalis. "Ila usimalize chuchu zote."