Mwalimu Breki Ajinunulia Gari

Mwalimu Breki alikuwa amefundisha nusu ya mji kuendesha gari, na nusu iliyobaki ilikuwa ikiwakimbia wanafunzi wake barabarani. Jina hilo walimpa wao wenyewe, kwa sababu alipopiga kelele "Breki!" hata baiskeli za mtaa wa pili zilisimama. Lakini gari la kwake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Miaka yote alikaa kiti cha pembeni, akitazama watu wazima wakitoka jasho kwenye magari ya chuo cha udereva, na jioni mwanamke wa watu akarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa alikuwa amestaafu, kiinua mgongo kimeingia, na roho yake ilikuwa imetua kwenye gereji moja nyuma ya duka la mbao. Humo, fundi mwenye ndevu chache na maneno mengi alikuwa amefufua gari la zamani lenye taa za mviringo na pua ndefu. Alilipaka rangi ya maziwa, akavivisha viti ngozi mpya, halafu akang'oa injini ya kale na kupachika ya kisasa, iliyotoka kwenye gari jipya lililogongwa nyuma.

"Mwili wa bibi, moyo wa mjukuu," fundi alijisifu, akifungua boneti.

"Kama mimi," Mwalimu akasema.

Mwanawe, mtu wa bima aliyefuatana naye kwa nia moja tu ya kumzuia, hakucheka. "Mama, tulishaongea. Macho yako hayo, magoti yako hayo. Ukitaka kwenda mahali nipigie simu, nitakupeleka."

"Nikupigie uniambie uko kwenye mkutano? Jumapili nilikungoja mpaka viatu vikanibana nikiwa nimekaa."

"Basi nitalinunua mimi, tukuwekee dereva."

"Nimekaa na madereva maisha yangu yote, mwanangu. Nimeshiba."

Fundi alijikuna shingo. "Mwalimu, mimi nakuheshimu, lakini sitaki kuuza gari lenye ugomvi ndani. Mtoto akikataa, kesho atanijia hapa na maneno."

"Ungekuwa unauza kabati, ungemwomba mtoto wangu ruhusa?"

"Kabati haliendi mbio, Mwalimu."

"Lete ufunguo."

Alitembea kwa madaha, akafungua mlango, akaketi, akajifunga mkanda, akaweka mkono juu ya breki ya mkono, tayari kuokoa maisha. Kisha mwanawe akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Mwalimu akatazama mbele yake. Usukani haukuwepo. Mazoea yalikuwa yamempeleka moja kwa moja kiti cha pembeni.

"Unaona?" mwanawe akasema, akipangusa machozi. "Mwili wenyewe umeshaamua."

Uso ulimwaka moto. Kushuka na kuzunguka gari mbele ya macho yao hakutaka. Akafungua mkanda, akajivuta juu ya gia, goti likilalamika, sketi ikinasa, akatua nyuma ya usukani kama gunia la viazi. Akawasha.

Sauti haikutoka. Au ilitoka, ila ndogo kama ya friji. Magari aliyoyazoea yeye, ukiwasha yanatetemeka mpaka meno yanagongana, na usipoyapigia mafuta kwa nguvu yanakuzimikia. Basi akaingiza gia, akaachia klachi, akalipigia mafuta kwa mtindo wa kizamani.

Wanaosema gari liliruka hewani wanatia chumvi. Magurudumu ya nyuma yalibaki chini. Ila paka wa gereji alionekana juu ya bati, na mpaka leo hushuka kula tu. Gari lilichomoka, likavaa pipa la oili chafu, ndipo likasimama. Breki alikanyaga mwenyewe, bila kupigiwa kelele na mtu. Pipa likaviringika taratibu, likajilaza miguuni mwa mwanawe na kummwagia viatu kila lilichokuwa nacho.

Bampa lilikuwa limebonyea.

"Basi, mama," mwanawe akasema kwa upole, ule upole wa watu wa bima wanapokuja kukwambia hulipwi. "Imetosha. Teremka."

Mwalimu akaukaba usukani. Alijua kwamba akiteremka sasa, hatapanda tena. Si gari hili, si lolote.

"Wewe ulipopata leseni uligonga ukuta wa shule," akasema. "Bado rangi ya ukuta haijakauka, ukagonga gari la baba mkwe wako, tena limeegeshwa! Nani alikwambia uteremke?"

"Nilikuwa kijana, mama."

"Ulikuwa kipofu. Na bado tulikwambia rudi nyuma, jaribu tena. Fundi! Nalichukua."

"Ngoja basi nikunyooshee bampa..."

"Liache hivyo hivyo. Nimeligonga likiwa lako, naondoka nalo likiwa langu. Na injini yako nimeshaijua tabia. Inataka kuguswa, haitaki kupigwa."

Fundi akamtazama mwana. Mwana akatazama viatu vyake. Fundi akaenda kufungua geti.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sijaamua."

Akarudi nyuma polepole, akalipita pipa, akatoka getini bila kugusa hata nguzo. Kwenye njia panda, nyumbani kulikuwa kushoto. Mwalimu akawasha taa ya kulia, akaiacha iwake vya kutosha ili hata walioko gereji waione, akakata kona.