Kura Moja ya Fundi Koki

Fundi bomba wa mtaa, ambaye hata mama mkwe wake alimwita Koki, aliamua kugombea udiwani siku alipozibua mtaro uleule kwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa amezama hadi mapajani, ananuka kiasi kwamba hata mbwa walimpisha, ndipo akajisemea kwamba mtu anayeujua uchafu wa mtaa huu kwa undani ni yeye peke yake. Akajiandikisha kuwa mgombea binafsi, nembo yake ikawa koki ya bomba, na kwa wiki tano akagonga mlango wa kila nyumba. Kote alipokewa vizuri. "Kura yangu unayo, fundi," walimwambia, kisha wakamwonyesha sinki linalovuja.

Aliyemkatisha tamaa alikuwa kinyozi, rafiki yake tangu utotoni. "Kura ni kama kioo changu hiki," alisema huku akimnyoa. "Mteja anajitazama, anatikisa kichwa, anaridhika. Lakini mwenye wembe ni mimi. Haya, kwa ajili yako nitakwenda kupanga foleni."

Siku ya kura mtaa mzima ulijipanga kwenye shule ya msingi. Koki aliingia kwenye kibanda cha kadibodi, akatia alama ya vema penye koki yake, akaikagua mara mbili kama anavyokagua kiungo cha bomba, akaikunja karatasi na kuitumbukiza kwenye boksi. Asubuhi iliyofuata matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa darasa la tatu. Diwani aliyekuwapo, ambaye watu walimwita Mheshimiwa hata walipokuwa wakimtukana, alipata kura elfu moja na mia mbili. Mwenye duka la simenti alipata mia tatu. Koki, sifuri.

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Hata mke wake hakumpa? Hata yeye mwenyewe hakujipa? Koki alisimama mbele ya karatasi ile, masikio yanawaka moto. Kushindwa alikutarajia, hakuwa mjinga. Kilichomuuma ni kwamba alijipigia kura kwa mkono wake huu, na sasa ofisi nzima ilikuwa inamwambia kwa muhuri kwamba siku ile hakuwapo.

Mke wake, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka hospitalini, alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu alipompa habari.

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa."

Mke wake alisugua vidole vya miguu. "Basi nenda kaulize," alisema. "Mtu hawezi kuibiwa na akaambiwa hakuwa na kitu."

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, na uso wa mtu aliyelala saa tatu tu kwa wiki nzima. Alimkaribisha Koki kwenye kiti kilichopungukiwa mguu.

"Nimekuja kudai kura yangu," alisema Koki.

"Kura ngapi?"

"Moja."

Msimamizi alivua miwani. "Kaka yangu, wanaokuja hapa wanadai maelfu. Moja utanichosha nayo bure." Akavuta karatasi na kalamu. "Nikuandikie arobaini, uende nyumbani na heshima yako. Mheshimiwa hata hatahisi."

"Sitaki arobaini. Si zangu."

"Sitini?"

Koki akahamia kwenye benchi la ukutani. Alikaa hapo mpaka ofisi ikafungwa, akarudi kesho yake, na kesho kutwa pia. Siku ya pili aliikaza koki ya choo cha ofisi, si kwa wema wowote, ila mlio wa matone ulikuwa unamtia wazimu. Siku ya tatu msimamizi alichoka kuulizwa na kila mgeni yule bwana wa benchi ana msiba gani. Akamwita karani na askari, akafungua boksi la kura.

Ndani mlikuwa na mafungu makubwa, na bahasha moja nyembamba iliyoandikwa "Zilizoharibika". Msimamizi akaimwaga mezani. Zikatoka kura saba, kila moja ina alama safi kabisa penye koki.

"Hizi zimeharibika wapi?" aliuliza Koki.

Karani alijikuna shingo. "Tulidhani wamekosea, fundi. Ilikuwa vigumu kuamini mtu amechagua koki kwa makusudi."

"Watu saba wakosee mahali pamoja?"

"Ndiyo maana tukaziweka pamoja."

Msimamizi akakata sifuri kwenye fomu ya matokeo, akaandika saba, akagonga muhuri. Kisha akajumlisha na kukunja uso. "Sasa kura zimezidi watu waliojiandikisha."

"Zilishazidi kabla yangu," alisema Koki. "Mtaa uliandikisha watu elfu moja na mia nne. Jumlisha za Mheshimiwa na za mwenye simenti."

"Hilo lipeleke mahakamani," alijibu msimamizi kwa upole, huku akifunga boksi. "Mimi ulinidai moja, nimekupa saba."

Habari ilimtangulia mtaani. Kinyozi alimpokea mlangoni na kumpiga begani: yeye alikuwa mmoja wa wale saba, Koki asimsahau. Mama wa sinki linalovuja naye alikuwa mmoja wao, pamoja na dada zake watatu. Mwenye duka la simenti alimvuta pembeni, akakiri kwa sauti ya chini kwamba alimpa Koki kura kwa kuwa yeye mwenyewe hajiamini. Kufikia alasiri wale saba walikuwa ishirini na watatu.

Koki alimkuta mke wake jikoni akikata vitunguu. Aliitandaza mezani nakala ya fomu aliyopewa, akaipapasa mikunjo.

"Saba," alisema. "Toa yangu, toa yako, zimebaki tano. Na waliozidai ni ishirini na watatu."

"Zimebaki sita," alisema mke wake, bila kuinua uso.

Koki alihesabu tena kwa vidole. "Hukunipigia? Mimi mume wako?"

"Uligonga milango yote ya mtaa huu. Huu wa kwako uliingia tu, ukauliza chakula kiko wapi. Hukuniomba kura hata siku moja."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani. Mheshimiwa naye anadhani hivyohivyo."

"Ulimpa nani?"

"Hiyo ni siri. Nina chumba kimoja tu duniani ambacho hakuna anayeingia kuniuliza nafanya nini, nacho ni cha kadibodi. Usinifuate humo."

Koki alitoka, akakaa kizingitini na hasira zake. Aliporudi, alivuta kiti.

"Ningekuomba, ungenipa?"

"Ungeomba, tungejua."

Akajikohoza. "Ndugu mwananchi," alianza.

"Acha hizo. Mtaro wa nyuma ya hospitali unarudisha maji ndani kila mvua ikinyesha. Tunapiga pasi tumevaa buti. Utafanya nini?"

Koki alieleza upana wa bomba, mteremko na mahali pa kuchimbua. Mke wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni majibu ya fundi. Yeye anamuuliza diwani. Nani ataidhinisha, na asipoidhinisha, Koki atamfanya nini?

Koki alifikiri, akakiri kwamba hajui. Mke wake alisema hilo ni jibu la kwanza la maana alilowahi kulisikia kwa mgombea, ila halijatosha. Akamsukumia kisu na vitunguu vilivyobaki, akaketi mbele yake na kumuuliza swali la pili.