Kitanda cha Kwa Teresa

Huko Butali nyumba huitwa jina la mwanamke wake. Mwanamume ana boma, sawa, lakini nyumba ni ya mke. Kwa hiyo Zilpah alipoolewa na Andati, mgane aliyefiwa na mkewe Teresa, hakuolewa kwa Andati hata kidogo. Aliolewa kwa Teresa.

Asubuhi yake ya kwanza kisimani alisikia wasichana wakinong'onezana, "Huyo ndiye ameletwa kwa Teresa." Akacheka nao, maana bibi harusi atafanya nini? Akadhani litapita. Wapi! Mama mkwe alipiga hodi kwa Teresa. Wakata miwa walikuja kunywa uji kwa Teresa. Hata Risper, binti aliyemzaa kwa uchungu wake mwenyewe, alipoulizwa na mwalimu kwao ni wapi alijibu bila kufikiri, "Kwa Teresa." Siku hiyo Zilpah alikwenda kulia nyuma ya jiko, na jiko lenyewe lilikuwa la Teresa.

Hakumchukia marehemu, jamani. Atamchukiaje mtu ambaye hakuwahi kumwona? Alitamani tu mlango mmoja duniani ambao mtu akisimama hapo ataje jina lake yeye.

Ndipo ikaja miaka ile ya sukari. Matrekta yalipita usiku na mchana, na wanaume waliokuwa wakitembea pekupeku sasa walivaa viatu hata shambani. Siku moja Andati akarudi na habari kwamba kuna fundi anayeitwa Cleophas, anajenga nyumba za kuuza pale Kakamega mjini.

Wakaenda kuona moja. Cleophas alikuwa na mdomo, wee! "Mama, nyumba mpya haisumbuanga. Mabati hayajajua kutu. Kunguni hawajui njia. Choo, ni wewe utakifungua. Ukinunua ile imekaliwa, unanunua na nyufa za mwenyewe, na moshi wake, na ugomvi wake. Hapa hajalala mtu, hajapika mtu, hajafa mtu."

Andati alikuwa akigongagonga ukuta kama mtu anayejua saruji. Zilpah hakusikia ya kunguni wala ya choo. Alisikia hilo la kwamba hajapika mtu. Akaingia chumba cha nyuma peke yake, akavuta harufu ya chokaa mbichi, akasema polepole, "Kwa Zilpah." Chumba kilikuwa kitupu, kikamrudishia jina lake.

"Tuichukue, Baba Risper," alisema alipotoka. Andati akamtazama usoni, akaona, akaichukua.

Wakajiandaa kuhama. Zilpah alikataa katakata kubeba kitanda cha zamani, na Andati, Mungu ambariki, hakuuliza kwa nini. Akamwambia aagize kipya kwa seremala wa Lubao. Kilikuwa tayari siku ile ya kuhama, siku ya soko, na Zilpah mwenyewe alikwenda kukitazama, akapapasa mbao zake mpaka seremala akamtania, "Mama, hicho ni kitanda, si mtoto." Phanuel, dereva wa trekta la miwa kutoka kwao Butali, akakipakia kwenye trela.

"Nikishushe wapi, Mama Risper?"

Zilpah alikuwa ameinama akichagua kuku wa kupika siku hiyo ya kwanza, moyo ukimwimbia. Akajibu bila kuinua kichwa, "Nyumbani, si unajua? Kwa Teresa."

Phanuel akawasha trekta, akaenda zake.

Walingoja mpaka giza likaingia, kitanda hakikuja. Ni pale Andati alipouliza, "Ulimwambia akipeleke wapi?" ndipo Zilpah akashika mdomo. Wakalala sakafuni, kwenye nyumba ambayo hajalala mtu.

Asubuhi alirudi Butali. Kitanda kilikuwa barazani kwa Teresa, kipya, kimefungwa kamba zake vilevile. Mlango ulikuwa na vumbi tayari. Miaka yote ile hakuwahi kuubisha, maana nani hupiga hodi kwake? Na kila alipoingia alijihisi kama mtu aliyeingia bila kukaribishwa. Sasa akasimama, akabisha.

"Hodi kwa Teresa."

Akangoja kama mgeni anavyongoja. Machozi yakamtoka, na ajabu ni kwamba alikwisha kuanza kuikumbuka kwa hamu nyumba ile, moshi wake na kila kitu, naye bado yuko mlangoni pake. "Asante kwa kunihifadhi, dada," akasema.

Phanuel akaja na trekta, kichwa chini kwa haya, akapakia kitanda tena. Akapanda kitini, injini ikanguruma.

"Haya, Mama Risper! Sasa kinaenda wapi?"

"Kwa Zilpah."

"Ati?"

"Kwa Zilpah!" akapaza sauti mpaka majirani wakageuka.

Phanuel akakuna kichwa. "Kwa Zilpah ndiyo wapi?"

Zilpah akafuta uso kwa kanga, akapanda kando yake. "Twende," akasema. "Nitakuonyesha."