Jogoo wa Sura ya Saba

Mdomo huponza kichwa, na safari hii kichwa kilikuwa cha Twahira, mpika manda za sambusa hapo Kismayo. Tangu Ijumaa hakulala wala hakula. Bajaji ikipunguza mwendo mbele ya mlango wake, mate yalimkauka. Hata visikizio alivivua masikioni, yeye ambaye kwa miaka minne hakuna jirani aliyemwona bila hivyo, kwa kuwa sasa alitaka kusikia nyayo zikija.

Nianze pale penye kosa. Twahira alikuwa msikizaji. Si wa nyimbo, wa vitabu: vile vinavyosomwa kwa sauti ukavisikiliza kwenye simu. Alipenda historia, na zaidi ya historia alipenda wanasiasa wanaosimulia maisha yao. Aliyemwanzisha ni Rawda, binti wa kaka yake mkubwa, anayekaa Uingereza. Alimwonea huruma shangazi yake kushinda peke yake mbele ya tawa la moto, akibandua manda moja baada ya nyingine, basi akamtumia kitabu. Kikafuata cha pili, kikafuata cha kumi, vingine kwa Kiswahili, vingine kwa Kisomali, na lugha zote mbili Twahira anazo tangu utotoni. Mwisho Rawda akafungua kundi kwenye simu, wanawake kumi na wanane wa visiwa vya Wabajuni waliotawanywa na vita vya mwaka tisini na moja, wengine Mombasa, wengine Uholanzi, na kila anayemaliza kitabu hutuma maoni yake kwa sauti.

Maoni ya Twahira ndiyo yaliyongojewa, na jamani, alikuwa hamung'unyi maneno. Alisema wakubwa wote wamezaliwa nyumba moja: sura ya kwanza njaa, sura ya pili mwalimu anayemshika bega na kumwambia wewe utakuja kuwa mtu. Alisema hajapata kusikia mwanasiasa aliyeharisha. Kuna bingwa mmoja wa historia aliyesimulia bandari zote za pwani kwa saa kumi na nne, na alipofika kwao akina Twahira akasema "na visiwa vidogo," akapita zake. Twahira alisimamisha kitabu akamtukana hadi manda ikaungua. Na kuna wale wanaosema makosa yalifanyika. Hao ndio aliowachukia zaidi ya wote. Makosa yalifanyika, eti, kana kwamba makosa ni mvua, hunyesha yenyewe. Safiyya wa Mombasa alikuwa akiwasikiliza kwa mwendo wa mara mbili ili awahi kumaliza, na Twahira alimkanya kila wiki, kwamba ukimharakisha muongo unamsaidia. Kitabu kizuri, alisema, ni kile mwenyewe anachokisoma kwa kinywa chake, kwa sababu maneno mtu huweza kuyapamba lakini pumzi haipambiki. Sikilizeni anapomeza mate.

Kundi lilikuwa na sharti moja tu: Twahira asijitaje. Wenzake wako mbali, yeye yuko Kismayo, na wengi wa wanaosimulia maisha yao wana watoto, wana walinzi, wana watu wa kuwatuma. Basi akaitwa Mama wa Pwani. Mara kumi na moja alitoa maoni, na mara zote kumi na moja alikuwa Mama wa Pwani.

Ndipo kikaja kitabu cha Kanali. Jina lake silitaji mimi, hata mnishike koo. Zamani alikuwa na bunduki na watu. Sasa ana ndevu za hina, anakaa kwenye mabaraza ya suluhu, na anatafuta kiti serikalini. Alikisoma mwenyewe, kwa Kisomali kizuri, taratibu. Sura sita za mwanzo Twahira alizisikiliza akicheka. Sura ya saba Kanali akafika Chula, kisiwa alichozaliwa Twahira.

Alisema kwamba mwaka wa tisini na mbili yeye na vijana wake walishuka kisiwani, wenyeji wakawapokea kwa madafu, na kwa hiari yao wakawapa mashua ya kuwapeleka kusini. Makosa madogo yalifanyika, akasema. Kisha sura ya nane.

Twahira alikuwako siku ile. Alikuwa na miaka ishirini, amejibanza chini ya ubavu wa mashua iliyolazwa kwenye uwanja wa baba yake, fundi wa vyombo, na alichoweza kuona ni miguu. Miguu ya ndugu yake Famau aliijua. Walimchukua kwa kuwa alikuwa akiijua njia ya maji baina ya miamba, na tangu hapo si mashua si Famau. Mama yao alikufa Mombasa akiwakataza watu wasimsomee mwanawe hitma. Nani aliyewaambia amekufa? alikuwa akiuliza. Hitma haikusomwa, mwaka baada ya mwaka, Famau akawa si wa walio hai wala si wa maiti.

Twahira alizima jiko, akaichukua simu. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo ni la watu wa visiwani peke yao. Hawa, tangu vita, wameulizwa mno. Kambini wameulizwa, ofisi za wakimbizi Ulaya wameulizwa: wewe ni Mbajuni kweli? Taja baba zako. Taja ukoo. Vitaje visiwa kwa mpango, kutoka Koyama mpaka Kudhaa. Mbele yao kuna kinasa sauti, na asiyejitaja sawasawa harudi na karatasi. Kwa hiyo mwenye jambo zito la kushuhudia, mbele ya chombo kinachorekodi, ulimi wake huanza wenyewe. Mambo ya mchezo Twahira aliyasema kama Mama wa Pwani. Hili halikuwa la mchezo.

"Mimi Twahira binti Mohamed bin Shihab bin Mukhtari bin Khamis bin Walidi, mzaliwa wa Chula," alisema. "Mchu huyu, huyu Kanali, ni muongo. Hatukumpa chombo, alikipora, na akamchukua Famau ndugu yangu. Na sura ya saba imekatwa. Jogoo ameanza kuwika nyuma yake na hakumaliza. Jogoo gani anayewika nusu? Alichokikata hapo ndicho nikitakacho."

Akatuma. Akawasha jiko. Alikuwa amebandika manda sita ndipo alipoyasikia tena maneno yake kichwani, na akakaa chini sakafuni na unga mikononi.

Aliifuta sauti ile kundini, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Safiyya alikwishampelekea shemeji yake, kwa uchungu tu, maskini, bila nia mbaya, na shemeji hakujua kufunga mdomo. Ijumaa baada ya swala sauti ya Twahira ilikuwa ikichezwa kwenye migahawa ya chai ya Kismayo, baba zake wote watano wakitajwa mezani kati ya vikombe. Jumamosi hoteli iliyokuwa ikinunua manda zake ilituma ujumbe kwamba kwa sasa wanazo za kutosha. Jumapili namba asiyoijua ikapiga, na alipopokea hakusikia ila mtu akipumua. Wardah, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja akasimama mlangoni, hakuketi, akasema watoto wa Kanali wamekasirika na kwamba yeye Wardah hajasema kitu, kisha akaenda kuufunga mlango wake mchana kweupe.

Twahira aliogopa. Sisemi alikuwa na wasiwasi. Aliogopa, woga ule ule wa chini ya mashua. Alijilaumu kwa sauti jikoni. Kimbelembele chako, mwanamke. Vitabu vyako. Ungenyamaza ungekufa? Rawda alilia kwenye simu akamsihi aende Chula, halafu Mombasa, na Twahira akafunga nguo zake kwenye mfuko wa unga. Mashua ya Chula ilikuwa iondoke Jumatano asubuhi. Aliomba Mungu amfikishe Jumatano, hilo tu.

Jumanne baada ya alasiri gari ikasimama nje, na injini haikuzimwa. Mlango ukagongwa mara tatu, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha. Akapiga shahada kimoyomoyo. Akafikiria dirisha la jikoni, lakini kwa mwili wake lile dirisha lilikuwa halimpitishi. Basi akafungua.

Alikuwa mwanamke mmoja, wa miaka thelathini hivi, jilbabu nyeusi, simu mkononi. Akamwamkia na kumwita edo, kama Wasomali wamwitavyo shangazi, akaingia na kuurudisha mlango nyuma yake. Twahira akaona mikono ya mgeni inatetemeka kuliko yake, na hilo halikumtuliza hata kidogo, kwa sababu mtu mwenye hofu ndiye mbaya.

"Jina langu Hanan," akasema. "Mimi ni binti yake. Kitabu nilikirekodi mimi. Yule jogoo nilimkata mimi."

Akaeleza, haraka haraka, jicho likienda mlangoni. Alimrekodi baba yake chumbani kwake, kwenye madirisha wametundika mablanketi ya kuzuia kelele. Alipofika sura ya saba mzee aliiweka karatasi chini akasema jambo ambalo halikuandikwa. Hanan alilikata, kwa ajili ya kile kiti, na mzee hakuuliza tena. Lakini juzi alipoisikia sauti ya Twahira inataja baba zake, alijua si uzushi. Majina yale alikuwa ameyasikia kabla, kwa mpango ule ule, kutoka kinywani mwa baba yake. Sasa nje wamo ndugu zake Hanan wawili garini. Wamempa muda wa kumaliza jambo kwa wema, na yeye ndiye aliyewaomba wamwachie. Wanalotaka ni dogo. Twahira arekodi maneno machache, kwamba alikosea, kwamba alimchanganya Kanali na mtu mwingine, na hakuna atakayemgusa, si leo wala kesho. Na kwa kuwa yeye Hanan naye ana Mungu, kabla ya hapo atamsikilizisha kile kipande. Mara moja tu, kisha atakifuta. Akavitoa visikizio mfukoni.

Twahira alitaka kusema hapana. Yalaiti watu wangejua jinsi jambo unalolitafuta miaka thelathini na kitu lilivyo na meno likikujia hadi sebuleni. Mama yake alikataa kujua akafa na matumaini yake. Alivitazama vile visikizio mkononi mwa binti yule, akaona afadhali angekuja na kisu. Kisha akavichukua akavivaa.

Cha kwanza alichosikia ni jogoo. Alimalizia kuwika kwake, kwa kirefu, mpaka mwisho. Halafu pumzi ya Kanali. Halafu akameza mate.

"Yule kijana wa mashua," ilisema sauti, polepole, si ile ya kusomea. "Tulimuuliza, wewe ni wa nani? Akataja baba zake. Famau bin Mohamed bin Shihab bin Mukhtari bin Khamis bin Walidi. Aliwataja kama mtu anayetoa kitambulisho. Tukatazamana, hakuna aliyemjua hata mmoja wa hao. Mwenzetu akasema, huyu hana wa kumdai. Tulipofika Kudhaa hatukuwa na haja naye tena. Tulimfukia mchangani kwa mikono, upande wa jua kuchwa. Hayo majina sijapata kuyasahau." Kikaisha.

Twahira alivivua visikizio, akaviweka juu ya meza polepole. Hakulia. Aliuliza kama kuna zaidi, na Hanan akatikisa kichwa. Siku zote alidhani Famau aliuawa kwa ukaidi, au kwa kukimbia. Kumbe alijitaja vizuri. Alisema yote aliyofundishwa kusema, neno kwa neno, na ndiyo yaliyomwonyesha muuaji kwamba hakuna mtu nyuma yake.

Hanan akafungua kinasa sauti cha simu, akakisogeza. Nukta nyekundu ikaanza kuwaka. Akamwambia kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, kwamba ni maneno machache tu, edo, nimekosea, basi. Nje mlango wa gari ukafunguliwa na kufungwa.

Midomo ya Twahira ilikuwa mizito. Mguu mmoja ulimcheza wenyewe chini ya meza, akaukanyaga kwa wa pili. Alilitafuta neno nimekosea na alilipata, lilikuwa pale pale, jepesi, na mfuko wa nguo ulikuwa mlangoni na mashua ilikuwa kesho asubuhi. Akafungua kinywa alitoe. Lakini mbele yake palikuwa na chombo kinachorekodi, na ulimi wake ukaanza pale unapoanza.

"Mimi Twahira binti Mohamed bin Shihab bin Mukhtari bin Khamis bin Walidi, mzaliwa wa Chula," alisema, na sauti ilitetemeka tangu jina la kwanza hadi la mwisho. "Famau ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja. Amezikwa Kudhaa, upande wa jua kuchwa. Anaye wa kumdai. Namdai mimi."

Honi ikapigwa mara mbili. Hanan aliitazama ile nukta nyekundu, kidole chake kikiwa juu yake, na hakuizima. Twahira hakumwangalia tena. Aliinua viganja vyake, akaanza kumsomea ndugu yake Fatiha.