Trekta Lililotengwa Ganako

Jumatano, saa mbili asubuhi, mwishoni mwa Februari 1979. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya Ganako, na upepo wa mlima Oldeani ulinukia mvua.

Patrisi, dereva kutoka Singida, aliwasha trekta jipya la kijiji. Injini iligonga kama nyundo ndani ya debe. Kuku walitawanyika.

Inosenti, fundi wa wakala wa matrekta wa Arusha, alisikiliza huku mikono ikiwa mifukoni.

"Dizeli ndivyo zilivyo," alisema. "Hiyo ni sauti ya kawaida. Kiwandani wamesema hivyo."

"Kiwandani wameisikia?" aliuliza Bernadina, mwenyekiti wa kamati ya shamba.

"Hawana haja ya kuisikia, Mama."

"Basi masikio yao yanamshinda punda wangu."

Watu walicheka. Dhamana ya kiwanda ilikuwa inaisha Ijumaa. Baada ya hapo, injini ikifa, hasara ingekuwa ya kijiji, na shamba la ujamaa lingelimwa kwa jembe la mkono. Inosenti alilijua hilo. Bernadina alijua kwamba analijua.

Patrisi alizima injini akashuka. "Sipandi tena. Likifia bondeni mtasema Patrisi kaliua."

Bernadina alisema maneno machache kwa Kiiraqw, na wazee wakaitikia. Kwa Wairaqw, nyumba yenye doa, yaani iliyoguswa na mwiko, hutengwa. Haipewi moto wala maji, na salamu zake hazijibiwi, mpaka doa liondolewe. Trekta halikuwahi kutengwa. Siku hiyo lilitengwa, pamoja na aliyelitetea.

Inosenti alidhani ni mzaha. Rejeta ya gari lake ilikuwa inavuja, akaomba maji. Lusia, mwenye pipa la maji, alilifunika. Akaenda mgahawani kuomba chai. Aliambiwa moto umezimika, na sufuria ilikuwa inatoa mvuke mbele yake. Akasalimia. Wakamgeuzia migongo.

"Mama Mwenyekiti," alisema hatimaye, "hii ni siasa, si ufundi!"

"Basi fanya ufundi, Ndugu. Umesema trekta ni zima. Lima mpaka kwenye mpaka wa shamba la Marseli kule juu. Ukifika, nitakubebea maji kwa kichwa changu."

Inosenti alipanda kwa hasira. Kwenye tambarare alikwenda vizuri. Mwinuko ulipoanza kumkabili, kugonga kukazidi, usukani ukamtetemesha mpaka mabegani. Hakumaliza mstari. Alizima injini mwenyewe akabaki ameketi.

"Mbona umezima?" Bernadina aliita kutoka chini.

"Nimeogopa itavunjika!"

"Hatujasikia, Ndugu! Sema tena, kwa sauti ya kawaida!"

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Inosenti alishuka, akatembea juu ya matuta mpaka mbele ya Bernadina. Kofia ilikuwa mkononi.

"Injini ni mbovu," alisema. "Nitawaambia wakubwa wangu hivyo. Wakinifukuza, wanifukuze."

"Wakikufukuza, njoo hapa. Kazi ya kulima ipo."

Lusia alifunua pipa. Inosenti alijaza rejeta, akaenda Arusha, akarudi Ijumaa na injini nyingine juu ya lori, akaifunga. Wazee waliliondolea trekta doa. Patrisi alipanda. Bernadina alikuwa ameshaanza kulima shamba lake kwa jembe, kwa sababu mvua haikumsubiri mtu.